Gari Limekwama Kwenye Theluji: Uweke Nini Chini ya Tairi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga dereva wa kawaida mwenye Corolla au CR-V, anayetoka zamu ya usiku na kukuta gari limefunikwa hadi kwenye bampa. Mifano mingi ni ya Minnesota, ambako Wakenya wengi wa Brooklyn Park na vitongoji vya jirani hupambana na hali hii kila mwaka. Lakini Mkongo wa Portland, Maine, au Mtanzania wa Oslo naye atakuta jambo linalomhusu.

Nina pesa ya kununua kitu kimoja tu. Ninunue kipi?

Beleshi. Najua umekuja kuuliza habari za minyororo na vile vibao vya plastiki vya kuingiza chini ya tairi vinavyotangazwa kila mahali, lakini magari mengi yanayokwama mjini hayakukwama kwa sababu tairi limekosa mshiko tu. Yamekwama kwa sababu theluji imejaa chini ya tumbo la gari, ikashindiliwa, ikalibeba gari juu kidogo. Matairi bado yanagusa chini, ila uzito hauko juu yake tena. Hapo ukimwaga mchanga gunia zima, tairi litauchezea tu.

Chagua beleshi lenye ukingo wa chuma na mpini unaofupishwa. La plastiki tupu ni zuri kwa theluji iliyoanguka usiku huu, laini kama unga. Halifai kwa tuta linaloachwa na greda la jiji mbele ya njia yako. Lile tuta lina vipande vya barafu, chumvi na matope, na likikaa saa chache linakuwa gumu kama zege.

Cha pili ni mchanga. Hivyo viwili vikiwa ndani ya gari, umeshajitosheleza kwa sehemu kubwa ya mambo ya mjini.

Kabla sijachagua chochote, nitajuaje gari limekwama kwa namna gani?

Shuka utazame. Watu hawashuki kwa sababu ya baridi, wanabaki ndani wakikanyaga mafuta.

Inama uangalie chini ya gari. Ukiona theluji imegusa chesisi, kazi ni kuchimba. Ukiona pana uwazi, tazama shimo alimokaa mkosaji, yaani lile tairi linalozunguka. Kama ukuta wa shimo ni mweupe na unabomoka kwa kidole, hiyo ni theluji, na kuibana au kuiondoa kutatosha. Kama chini pamekuwa pa kijivu, pamelowa, panang'aa, na ukucha unateleza juu yake, tairi limejitengenezea barafu. Limezunguka, likapata joto, likayeyusha theluji, na maji yakaganda upya. Hapo unahitaji kitu chenye ncha au chembe kali: mchanga mkavu, kokoto ndogo, mnyororo. Kitu laini hakisaidii.

Tofauti hii ndiyo inayoamua ununue nini. Kinachofanya kazi kwenye theluji ya sentimita 20 kinaweza kushindwa kabisa kwenye barafu nyembamba kama karatasi.

Nyumbani tukikwama kwenye matope tulikuwa tunakanyaga mafuta mpaka gari litoke. Hapa si vivyo hivyo?

Hapana. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi wakati mwingine unakubali nguvu: tairi likizunguka kwa kasi linatupa tope pembeni na kufikia pagumu. Kwenye theluji, kila mzunguko wa bure unaongeza barafu. Ukizungusha kwa nusu dakika umegeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Jambo moja la nyumbani linafaa sana hata huku: kutia kitu chini ya tairi na kuondoka taratibu. Aliyewahi kukata matawi na kuyalaza mbele ya gari kwenye matope anaijua kazi yote. Vibao vya kisasa ni matawi yaleyale yaliyochongwa kiwandani.

Mchanga, chumvi, majivu, mchanga wa choo cha paka: kipi ni bora?

Swali hili huja kuliko yote, kwa hiyo tulichukue polepole.

Mchanga ndio mfalme, kwa sharti kwamba ni mkavu na una chembe kubwa. Mchanga laini wa kuchezea watoto hauna makali. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Marekani huuza mchanga wa mifuko mirefu wa ratili 60, kama kilo 27, kwa dola chache. Kosa la wengi ni kuuacha kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya buti. Ukishika unyevu unaganda, na siku ya kuuhitaji unakuta una jiwe moja la kilo 27. Uhamishie kwenye magaloni ya maziwa yaliyooshwa na kukaushwa kabisa. Unafunga kifuniko, na siku ikifika unamimina mbele ya tairi kama unavyomimina maji.

Ukipita duka la wafugaji, kuna kokoto za kuku, zile za mawe yaliyosagwa. Zina pembe kali na zinashika barafu vizuri kuliko mchanga. Binafsi ndizo ninazozipendelea.

Chumvi ni kitu kingine kabisa. Haikupi mshiko, inayeyusha, tena kwa kusubiri. Na chumvi ya kawaida ya barabarani karibu inaacha kazi joto likishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Januari ya Minnesota hupita hapo kwa mbali. Kloridi ya kalsiamu huendelea kufanya kazi mpaka karibu nyuzi 29 chini ya sifuri, na yenyewe hutoa joto inapoyeyuka, lakini ni ghali zaidi na inakula chuma na zege. Chumvi ni ya kutayarisha njia jioni. Gari likishakwama, imechelewa.

Mchanga wa choo cha paka umesifiwa kupita kiasi. Mwingi unaouzwa ni udongo wa mfinyanzi unaogandamana ukilowa. Ndiyo kazi yake. Chini ya tairi lenye joto unakuwa uji unaoteleza kuliko theluji uliyoikuta. Kama ni lazima, tafuta ule usiogandamana, wa chembe ngumu. Vinginevyo mwachie paka.

Majivu ya kuni yanasaidia kidogo, na wazee wa nchi za baridi waliyatumia. Yanachafua kila kitu, kuanzia viatu hadi zulia la sebuleni. Hakikisha yamepoa kweli kabla ya kuyatia ndani ya gari.

Nimwage maji ya moto?

Usimwage. Yatayeyusha safu ya juu, kisha yataganda, na utakuwa umejimwagia kioo chini ya tairi.

Vile vibao vya kukwamulia vinafaa, au ni biashara tu?

Vinafaa, ila vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mchanga na matope. Maxtrax, mojawapo ya majina yanayojulikana zaidi, ni vya Australia, na Australia haisifiki kwa theluji. Kwenye theluji nzito vinafanya kazi nzuri sana. Kwenye barafu tupu vina shida moja ambayo tangazo halikuambii: tairi linashika kibao, lakini kibao chenyewe hakishiki barafu. Kinarushwa nyuma kama kigae. Dawa yake ni kumwaga mchanga au kokoto kwanza, kisha kibao juu yake.

Ukinunua, tazama mambo haya. Unene: gari la chini kama Corolla halina nafasi ya kibao kinene, kwa hiyo vile vyembamba au vya kukunja ndivyo vyake. Plastiki: iliyo rahisi sana inapasuka kwenye baridi kali, na ukiipinda dukani kwenye joto huwezi kujua. Meno: yawe marefu na yametokeza upande wa juu na wa chini pia.

Namna ya kutumia ndiyo inayotofautisha anayetoka na anayeharibu vibao. Chimba mbele ya tairi upate mteremko mdogo. Sukuma ncha ya kibao mpaka ibanane kabisa na tairi, si kuiacha sentimita kumi mbele. Usukani unyooshe. Ondoka kwa mwendo wa kobe. Tairi likianza kuzunguka juu ya kibao, acha mara moja, kwa sababu joto la msuguano linayeyusha meno ya plastiki na kibao kinabaki kipara. Gari likishapanda, usisimame kufurahia; endelea mpaka sehemu ngumu, kisha rudi kwa miguu kuchukua vibao. Vifunge kamba ya rangi kali, maana hupotea ndani ya theluji.

Na mtu yeyote asisimame nyuma ya tairi hilo. Kibao kinachoruka kinavunja mguu.

Sina vibao. Mazulia ya gari je?

Yanaweza kukutoa mara moja. Yageuze, upande wenye vijimeno uwe juu, na ukubali kwamba huenda yakaharibika na kuchanika. Kipande cha kapeti kuukuu au vigae vya lami vya kuezekea, vile vyenye chembe kama msasa, ni bora kuliko zulia la gari lako, na majirani wanaokarabati paa huvitupa.

Minyororo ya tairi: ninunue au nisinunue?

Kama unaishi Minneapolis na safari zako ni kazini, kanisani au msikitini na dukani, huihitaji. Jiji husafishwa, na minyororo juu ya lami tupu inaharibu tairi, barabara na yenyewe. Kama unavuka milima ya California, Washington au Colorado, au una binamu Uswisi anayekualika Krismasi, ni habari nyingine.

Soma kitabu cha gari kwanza. Magari mengi ya siku hizi yana mwanya mdogo sana kati ya tairi na vyuma vya ndani, na watengenezaji wengine wanakataza minyororo kabisa au kwa baadhi ya saizi za tairi. Marekani, aina iliyokusudiwa mwanya mdogo huandikwa Class S. Saizi lazima ilingane na namba zilizo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 205/55R16. Mnyororo uliolegea hupiga bomba la breki, na hapo gharama si ya kuvutwa tena.

Hufungwa kwenye magurudumu yanayozungushwa na injini: magari mengi madogo ni ya mbele. Watu hufunga nyuma kwa sababu ndivyo walivyoona kwenye lori la Isuzu. Lori huzungushwa na magurudumu ya nyuma. Corolla yako ni ya mbele. Kwa fowili, kitabu ndicho kitakachokuambia ekseli ipi. Ukishafunga, endesha kidogo, simama, kaza tena. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa.

Jaribu kuifunga nyumbani siku kavu, ukiwa umevaa glavu zako za baridi. Ukishindwa hapo, hutaweza gizani pembeni mwa barabara.

Jambo la mwisho: minyororo ni ya kuvaa kabla ya kukwama. Gari likishazama, kuizungusha kwenye tairi lililofukiwa ni adhabu.

Na zile soksi za kitambaa?

Ni za kweli, si mzaha. AutoSock ya Norway ndiyo iliyozipa jina. Unaivisha tairi nusu ya juu, unasogeza gari kidogo, unamalizia. Inachukua dakika chache, haina kilo nyingi, na inafaa magari yasiyo na nafasi ya mnyororo. Kitambaa kikavu kinashika theluji iliyoshindiliwa na barafu kwa namna ya kushangaza.

Udhaifu wake ni lami. Kilomita chache kwenye barabara tupu zinatosha kuitoboa. Ichukulie kama kifaa cha kupandia kilima fulani, kisha unavua. Kwa mtu wa mjini mwenye gari dogo na mteremko mkali nyumbani, ningeichagua kabla ya mnyororo.

Nimeona vifungo vya plastiki vya kufunga kuzunguka rimu, na dawa ya kupuliza kwenye tairi.

Vifungo hukatika mapema, na vikikatika hurukia breki. Tena rimu nyingi hazina nafasi vipite bila kugusa kalipa. Dawa ya kupuliza hutoka baada ya mizunguko michache. Pesa hiyo nunua mchanga.

Gari langu ni fowili. Haya yote yananihusu?

Yanakuhusu. Fowili husaidia kuondoka, haisaidii kusimama, na haina la kufanya chesisi ikishakalia theluji. Madereva wa fowili hukwama mbali zaidi na barabara kuliko wengine, kwa sababu ilikuwa na nguvu ya kuwafikisha huko.

Kuna kitufe chenye picha ya gari na mistari ya kuteleza. Nikibonyeze?

Ukishakwama, ndiyo. Kitufe hicho huzima mfumo wa kuzuia tairi kuteleza. Mfumo huo ukihisi tairi linazunguka hukata nguvu ya injini, na wewe unahitaji kuzunguka kidogo ili kutoka. Uzime, jikwamue, uuwashe tena papo hapo.

Jaribu rivasi kabla ya mbele. Njia uliyoingilia tayari imeshindiliwa na matairi yako mwenyewe. Ukienda mbele na nyuma kwa kupokezana, fanya taratibu, na usirukie gia ya nyuma wakati matairi bado yanazunguka mbele. Gari la otomatiki likipigwa hivyo kwa muda mrefu, mafuta ya giaboksi yanachemka.

Nipunguze upepo kwenye matairi?

Wapenda jangwa hufanya hivyo, na kwenye theluji ya kina husaidia kiasi. Kwenye barafu hutaona faida ya maana, na utahitaji pampu ya kuujaza kabla ya kuingia barabara kuu. Kumbuka baridi yenyewe tayari imepunguza: presha hushuka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi.

Jirani ana pikapu na cheni, anataka kunivuta.

Mshukuru, kisha uliza cheni iwekwe pembeni. Tumia mkanda wa kuvutia wa nailoni, usio na ndoano za chuma zinazoweza kuruka. Gari dogo huwa na pete ya kuvutia inayowekwa pamoja na spea na jeki. Bandua kifuniko kidogo cha mraba au cha duara kwenye bampa, ifunge humo mpaka mwisho. Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya hufungwa kwa kuzungusha kushoto, kwa hiyo ukiona inakataa usilazimishe.

Mkanda usifungwe kwenye bampa wala mikono ya saspensheni. Usifungwe pia kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia trela: umewahi kung'oka na kuua watu. Tupia koti zito katikati ya mkanda ili ukikatika uanguke chini. Watoto na wapiga picha wasimame mbali, zaidi ya urefu wa mkanda wenyewe.

Niongeze uzito kwenye buti?

Kwa pikapu na gari linalozungushwa nyuma, ndiyo: mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma inasaidia sana. Kwa gari la mbele, uzito nyuma unayapunguzia mzigo matairi yanayofanya kazi. Galoni mbili tatu hazina neno.

Nimekwama usiku, mbali na mji, na hakuna anayepita.

Kabla ya kuwasha injini kwa ajili ya joto, nenda nyuma ufukue bomba la ekzosi. Theluji ikiliziba, hewa ya monoksidi ya kaboni inaingia ndani. Haina harufu wala rangi, unasinzia tu na huamki. Theluji kubwa zimewahi kuua watu namna hii, wakati mwingine mama na watoto wanaojipasha joto ndani ya gari huku baba anafukua nje. Washa injini dakika 10 hivi kwa kila saa, fungua dirisha kidogo upande usio na upepo, na rudi kulikagua bomba.

Baki kwenye gari. Gari linaonekana, mtu anayetembea kwenye dhoruba haonekani.

Nikiwa na tairi za baridi, bado nahitaji hivi vitu?

Utavihitaji mara chache zaidi, na hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote zilizotajwa hapa. Mpira wa tairi za majira ya joto huanza kukakamaa chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazihakikishi kitu. Ujerumani, tangu 1 Oktoba 2024, tairi zenye M+S bila alama hiyo hazihesabiwi tena kuwa za baridi.

Sheria zinasemaje?

Zinatofautiana sana. Quebec, Kanada, inadai tairi za baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Colorado, kwenye barabara kuu ya I-70 kati ya Dotsero na Morrison, ina masharti ya tairi na minyororo kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei. California ina ngazi tatu za masharti ya minyororo, R1 hadi R3, na kwenye R3 hata fowili lazima lifunge minyororo. Minnesota inaruhusu minyororo hali ya hewa inapolazimu, lakini mkazi wake haruhusiwi tairi zenye njumu za chuma. Gari la kukodi lina sheria yake ya ziada: mikataba mingi inakataza minyororo, kwa hiyo uliza kaunta kabla ya kupokea funguo.

Vitu hivi nivipange wapi?

Beleshi liwe ndani, nyuma ya kiti cha dereva. Mlango wa buti huganda, na beleshi lililofungiwa ndani yake halikufai kitu. Galoni moja ya mchanga ikae miguuni mwa abiria wa nyuma, zilizobaki kwenye buti pamoja na vibao, pete ya kuvutia na mkanda. Glavu za ziada, tochi na blanketi karibu na mkono. Usivitoe mapema majira ya kuchipua yakianza. Theluji ya Aprili Minnesota haimshangazi mtu.